Ya marehemu ni yapi, yao ni yapi

Nitasema moja kwa moja, kuna filamu ambazo mimi nafurahia zaidi kusoma vile zilitengenezwa kuliko kuziangalia zenyewe, na ile The Hitchhiker's Guide to the Galaxy ya 2005 ndio nambari wani. Siku hizi niko na kitabu chake cha nyuma ya pazia, kile alichokihariri Robbie Stamp, kimejaa picha na mahojiano na waigizaji na mafundi. Nilikiona kwenye shelfu ya gesti moja kule Shela, hapa kwetu Lamu, wageni wakiondoka huwa wanaacha vitabu vyao pale, nikamwomba mwenyewe akaniambia chukua tu, hapa hakuna anayekigusa. Nimekisoma barazani, nimekisoma kwenye boti ya Mokowe huku natupiwa maji, umeme ukipotea nakisoma kwa tochi ya simu, na sasa kichwa kimejaa lazima niandike.

Kwa asiyeijua hadithi yenyewe. Arthur Dent ni Mwingereza wa kawaida tu, anaamka asubuhi anakuta tingatinga nje, nyumba yake inabomolewa ipite barabara. Hajakaa sawa, rafiki yake Ford, ambaye kumbe si mtu wa dunia hii, anamwambia wacha habari ya nyumba, dunia nzima inabomolewa sasa hivi na viumbe wanaoitwa Vogon, na sababu ni hiyo hiyo, kuna barabara ya angani inapita hapa. Wawili hawa wanadandia chombo cha hao hao wabomoaji na safari ndio inaanza. Ni saifai lakini ni komedi, yaani unacheka mpaka mbavu zinauma, halafu usiku umelala unajikuta unafikiria dunia ni nini hasa.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hii hadithi haikuanza kama kitabu. Ilianza redioni, BBC Radio 4, Machi 1978, sehemu sita, na mtunzi Douglas Adams akaigeuza riwaya 1979, halafu ikawa ya televisheni 1981, na kila ikihama yeye mwenyewe aliibadilisha, huku jambo limeenda hivi kule limeenda vile, wala hakuona tabu. Ikabaki sinema. Na sinema ndio iliyomsumbua. Tangu mwanzo wa miaka ya 80 hadithi iliuzwa Hollywood, ikashikwa na huyu ikaachwa na yule, skripti juu ya skripti, mpaka kuna maneno yake yanajulikana sana kwamba kutengeneza filamu Hollywood ni kama kutaka kuchoma steki kwa watu kuingia chumbani mmoja baada ya mwingine na kuipulizia pumzi. 1999 akahama kabisa na familia yake kwenda California ili awe karibu na kazi. Mei 2001 moyo ukasimama akiwa jim, umri miaka 49, na hakuna hata sini moja iliyokuwa imepigwa.

Upigaji ulianza 2004, miaka mitatu hayupo. Hapo ndipo kitabu kinaponishika. Filamu ukiiangalia inakuonyesha kile kilichoamuliwa tu, haikuonyeshi waliobishana, haikuonyeshi aliyesema hapana marehemu asingekubali hivi, na mwingine akasema marehemu mwenyewe ndiye aliyeandika hivi, tazama karatasi hii. Waliokuwa wameshika kazi ni wageni karibu wote. Dairekta Garth Jennings na mwenzake Nick Goldsmith walitoka kwenye video za muziki na hii ndio ilikuwa filamu yao ya kwanza ndefu. Karey Kirkpatrick, aliyemalizia skripti, hakuwa mtu wa Hitchhiker's tangu utotoni kama mimi na nyinyi. Aliyemjua Adams kwa karibu ni Robbie Stamp, rafiki yake na mshirika wake wa biashara, akaingia kama prodyusa mtendaji. Ndiyo, najua, mtu wa ndani akihariri kitabu cha kazi yake mwenyewe hawezi kuwa shahidi huru. Lakini nimemwamini kwa sababu moja, anasema hiki ni cha nani na kile ni cha nani.

Mfano. Filamu ilipotoka, mashabiki wengi walikasirika kwamba kuna vitu havimo kwenye riwaya. Kuna Humma Kavula, yule kiongozi wa dini aliyechezwa na John Malkovich. Kuna ile bunduki ukimpiga nayo mtu hafi, anaanza kuona mambo kwa macho yako wewe uliyempiga. Kuna yale makoleo ya kwenye sayari ya Vogon yanayochomoka ardhini yanakupiga kibao cha uso ukithubutu kufikiria jambo. Watu wakasema hayo ndiyo mambo ya Hollywood, wamemharibia marehemu. Kumbe! Stamp ameshaeleza wazi kwamba vyote hivyo vitatu ni fikra za Adams mwenyewe, aliziandika mahsusi kwa ajili ya sinema kabla hajafa. Yaani watu walikuwa wanamtetea Adams dhidi ya Adams.

Nilimhadithia Ami yangu haya, yeye si mtu wa sinema hata kidogo, ni mtu wa mashairi, tendi za kina Sayyid Abdalla anazo kifuani. Tuko barazani baada ya Alasiri, kahawa iko pale, mimi nazungumza kwa pupa na picha za kitabu namwonyesha, naye akaziangalia kwa adabu halafu akaniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, ya marehemu ni yapi na yao ni yapi?"

Nikamwambia Ami ndio hicho hicho ninachokitafuta humu. Akaanza kunisomea takhmisi ya Liyongo. Mnaoijua mtanielewa haraka. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, huyu huyu wa utenzi wa Al-Inkishafi, alichukua beti za Liyongo Fumo, mtu aliyeishi zamani sana kabla yake, na kila mistari miwili ya Liyongo akaitangulizia mitatu ya kwake mpaka ikawa mitano. Hakufuta neno. Mitatu yake ikaja mbele, miwili ya mwenyewe ikafunga ubeti, na vina aliyekuja nyuma ndiye anayefuata vya aliyetangulia. Ukisikiliza vizuri unajua hapa Sayyid anazungumza na hapa ameshamwachia Liyongo. Ami akasema hivyo ndivyo unavyoingia kwenye maneno ya maiti, kwa mlango, na kiatu umevua.

Tangu siku hiyo kitabu cha Stamp nakisoma kwa jicho hilo. Filamu haiwezi kukuonyesha mistari ya nani ni ipi, imechanganywa yote ikawa rangi moja, lakini kitabu cha nyuma ya pazia kinaweza, na ndio maana nasema kina thamani, si kwa picha nzuri peke yake.

Ingawa picha nazo! Wacha niseme kuhusu Marvin. Marvin ni roboti mwenye huzuni, ana ubongo mkubwa kama sayari na kazi wanayompa ni kufungua mlango. Kwenye filamu mwilini yumo Warwick Davis, sauti ni ya Alan Rickman, watu wawili roboti mmoja. Ana kichwa kikubwa cha duara, cheupe, kizito kuliko mwili wote, na uso haubadiliki, hana nyusi, hana mdomo wa kusikitikia. Sasa huzuni itoke wapi? Inatoka mabegani. Angalieni tena, pale anapoambiwa aende mahali, mabega yanashuka kwanza, halafu kichwa kinafuata polepole kama kimechoka kubebwa, halafu ndio mguu unanyanyuka. Sauti ya Rickman nimeipenda siku zote, sasa nimeanza kumheshimu na huyu aliyefungiwa ndani ya gamba zito, anatembea vile ili mwingine aje aseme. Na Vogon ni hivyo hivyo, wametengenezwa na karakana ya Jim Henson, si kompyuta, ni mavazi makubwa ya kweli, mtu ndani anabeba ule mwili na uso una mitambo yake. 2005 wangeweza kuwachora wote kwa kompyuta na hakuna ambaye angewalaumu. Lakini Martin Freeman, yule Arthur, alikuwa na kitu mbele yake cha kukiogopa, na uoga wake unauona kabisa kwamba si wa kuambiwa angalia ukuta ujifanye umeona zimwi.

Kuna pia mambo madogo waliyoyaweka kwa adabu. Simon Jones, Arthur wa kwanza kabisa wa redio na televisheni, anatokea kidogo, ndiye ule uso unaowaonya wasikaribie sayari ya Magrathea. Marvin wa zamani wa televisheni amesimama kwenye foleni ya ofisi za Vogon, ukipepesa macho umemkosa. Na mwishoni wameandika filamu ni kwa ajili ya Douglas. Mimi hapo nilitoa machozi, sioni haya.

Lakini kama mnataka kitabu cha nyuma ya pazia kinachokuonyesha jasho, kuna cha zamani zaidi, skripti za redio zilizochapishwa 1985, Geoffrey Perkins aliyekuwa prodyusa wa redio ndiye aliyezihariri, na kila sehemu ina maelezo yake. Humo ndio unaona Adams alivyokuwa anaandika kwa shida, muda unaisha kurasa hazijaisha, mpaka sehemu ya tano na ya sita za zile sita za mwanzo ikabidi rafiki yake John Lloyd aingie waandike pamoja. Perkins anaeleza bila kupaka rangi, labda kwa sababu hakuna aliyekuwa anauza tiketi. Cha Stamp kilitoka kusindikiza filamu na unalisikia hilo, kila mtu anampenda kila mtu, hakuna aliyenuna seti nzima, na hapo nakipunguzia maksi.

Na sasa nifike kwenye linaloniuma. Kwenye riwaya ya Adams, Arthur anapolalamika kwamba hakuambiwa nyumba itabomolewa, yule afisa anamjibu mipango ilikuwa imewekwa hadharani. Hadharani wapi? Arthur aliikuta chini kabisa ya jengo, taa hakuna, ngazi hakuna, ndani ya kabati la mafaili lililofungwa, kabati lenyewe limesukumwa ndani ya choo kisichotumika, na mlangoni kuna kibao kinachosema jihadhari na chui. Mimi nilimsimulia mamangu hii kwa Kiswahili akacheka mpaka akakaa chini, akaniuliza huyo Mwingereza alikuja Lamu lini?

Kwa sababu sisi tunaijua. Hapa Lamu tumeishi na mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, watu wakasimama miaka, wavuvi, kina mama, wazee wa mji, mpaka mahakama ya mazingira ikafuta leseni Juni 2019, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Kwa hivyo kibao cha chui kwangu mimi si utani wa pembeni, huo ndio moyo wa hadithi nzima, manake baadaye Vogon nao wanasema maneno hayo hayo, mipango ilikuwa wazi kwenye ofisi fulani huko nyota za mbali miaka 50, mbona hamkwenda kulalamika. Tukio ni moja, kwanza kwa nyumba halafu kwa dunia.

Na kwenye filamu mazungumzo yale yamekatwa mafupi. Chui hayupo. Arthur analalamika kidogo, afisa anajibu kidogo, basi tunaendelea. Sababu naielewa, sikatai, redio ni sauti, watu wawili wanaweza kubishana dakika tano na msikilizaji yuko pale pale, sinema ina tingatinga limewashwa na ina dakika 109 za kumaliza kila kitu. Lakini kuongeza ni kitu kimoja na kufuta ni kingine. Humma Kavula nimemkubali, bunduki nimeikubali, hiyo ni mistari mitatu mbele ya miwili. Chui alikuwa kwenye ile miwili.

Nilimrudia Ami na habari ya chui, akakasirika kuliko mimi, akasema si warudishe. Nikamwambia Ami wakirudisha hiki itabidi watoe kingine, muda ni ule ule. Akasema watoe hayo makoleo ya kupiga watu uso, yana faida gani. Na makoleo ni ya Adams pia! Nikamweleza, akaguna. Tumebishana mpaka adhana ya Magharibi, yeye anashikilia kilichotangulia kina haki zaidi ya kilichokuja nyuma, mimi nashikilia mtu akiwa hai ana ruhusa ya kujirekebisha na hiyo ilikuwa tabia yake tangu 1978. Nikikaa peke yangu lakini naona Ami ameniweza. Dakika moja kwa dakika moja, maneno yake kwa maneno yake, mimi nataka chui.