Daladala imesimama, bodaboda je?

Nimetoka Sinza sasa hivi, mikono bado inatetemeka.

Pale Shekilango daladala ilisimama kabisa kwenye zebra. Konda mlangoni akawapungia wanafunzi: piteni, piteni!

Wakaingia mbio, mabegi yanaruka mgongoni.

Bodaboda akachomoka kulia. Hakumwona mtoto, wala mtoto hakumwona yeye. Daladala iliwaziba wasionane.

Kijana anayeuza maji kwenye foleni ndiye aliyemdaka binti kwa mkanda wa begi. Mkanda ukakatika, madaftari yakatapakaa.

Tairi likapita juu ya daftari la hesabu. Nimeliokota mwenyewe: alama nyeusi imekata katikati ya jedwali la kuzidisha.

Bodaboda hata hakugeuka!

Sheria yetu inaruhusu mwisho kilometa 50 kwa saa kwenye makazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza 30 penye watu na magari pamoja. Rangi ya zebra peke yake haimpunguzi mtu mwendo, jamani. Tuta linampunguza, atake asitake.

Nani amewahi kuomba tuta mtaani kwake akalipata? Mlianzia serikali ya mtaa au TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, moja kwa moja? Niandikieni hapa, kesho naanza kufuatilia.