Jinsi tulivyowafikia wanafunzi kabla ya siku ya kusaini bumu

Katika chuo kikuu cha umma ninakofanya kazi, kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi, kila muhula walikuwapo waliokosa kusaini bumu, yaani fedha za kujikimu za Bodi ya Mikopo, kwa sababu tangazo lilibandikwa ubaoni na kutumwa kwa barua pepe ambayo wengi hawaifungui. Mwanafunzi wa namna hiyo hubaki bila hela ya chakula, na jambo hilo liliniuma.

Niliwauliza wawakilishi wa madarasa habari huwafikiaje wenzao. Wakasema ni kwa simu, hata isiyo na bando. Tukaanza kutuma ujumbe mfupi unaotanguliza jambo lenyewe: "Saini fedha za kujikimu Jumatatu hadi Ijumaa, ukumbi mkubwa, njoo na kitambulisho."

Hata hivyo, gharama ilipanda. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, lakini alama moja tu isiyo ya kawaida, kama koma ya juu iliyopinda ambayo kompyuta huiweka yenyewe katika "ng'", hushusha kikomo hadi 70, na ujumbe hukatwa vipande, kila kimoja kikilipiwa. Tulipotumia koma iliyonyooka, tatizo liliisha.

Lililosaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni namba ya kujibu. Maswali yaliyojirudia, hasa ya wanafunzi walio mikoani kwa mafunzo kwa vitendo, yalituonyesha tulichosahau kueleza, na sasa wawakilishi husoma kila tangazo kabla halijatumwa.