Siku moja na formoli ya samaki wa baharini, Lubumbashi

Saa 12:30 asubuhi niko soko la Kenya. Tomsoni za Namibia, samaki wa baharini zinazoingilia mpaka wa Kasumbalesa, bado ni ngumu kama matofali ndani ya makatoni. Mama anayeniuzia ananiuliza kabla sijamsalimu vizuri: "Papa, batu banasema samaki ya friji banatiaka formoli. Ni kweli?" Anamaanisha formaldehidi iliyoyeyushwa kwenye maji, dawa ya kuhifadhia maiti. Jirani yake anadakia kwamba inzi wakikataa kutua, basi dawa imo. Inzi hatui juu ya barafu, mama! Nanunua Tomsoni, naongeza samaki wa ziwa Mweru, naziweka kwenye sanduku la barafu na kukimbilia taxi-bus.

Saa 2:00 niko maabara. Kazi kubwa ya leo ni merlu, samaki wa baharini aliyegandishwa: vipande vizima na nyama iliyosagwa, vyote vya mteja mmoja ambaye wanunuzi wamemshtaki kuwa anatia dawa. Navikata vikiwa vimeganda. Nikiviacha viyeyuke mezani, nitapima kazi ya meza yangu badala ya kazi ya samaki.

Maana samaki hawa hutengeneza formaldehidi wenyewe. Samaki wa bahari hubeba mwilini oksidi ya trimethilamini, inayomsaidia kuvumilia chumvi. Akishakufa, kwa jamaa ya kodi (samaki wanaoitwa cod kwa Kiingereza) na merlu, kimeng'enya huivunja ikawa vitu viwili: dimethilamini na formaldehidi. Kugandisha hakukizuii kabisa. Kwenye nyuzi 5 hadi 10 chini ya sifuri kinaendelea polepole kwa wiki na miezi. Ukishuka hadi 30 chini ya sifuri karibu kinalala. Kimejaa zaidi kwenye figo, ule utepe mweusi chini ya uti wa mgongo, ndiyo maana nyama iliyosagwa ovyo pamoja na figo huwa na formaldehidi nyingi kuliko kipande safi. Samaki wa maji matamu kwa kawaida ana kidogo sana cha oksidi hiyo. Yule wa Mweru ni wa kulinganishia.

Saa 4:00. Nasaga kila sampuli na asidi ya trikloroasetiki, protini inaganda, nachuja. Kwenye maji yaliyochujwa, nikisharekebisha uasidi, naongeza kitendanishi, yaani mchanganyiko wa kupimia, cha mtafiti Nash, alichokieleza mwaka 1953: asetilasetoni na amonia asetati. Napasha kwenye nyuzi 60, na rangi ya manjano inatokea. Chupa ya Mweru inabaki karibu na maji matupu. Ya merlu iliyosagwa inang'aa kama embe bivu.

Saa 6:00 umeme unakatika kabla sijasoma hata moja. Tunakula bukari na sombe, jenereta inakohoa, na nalazimika kungoja spektrofotometa, mashine inayopima ukali wa rangi kwa mwanga, ipate joto tena. Nasoma kwenye nanomita 412.

Saa 8:00 ndipo kazi ninayoipenda. Namba ya formaldehidi peke yake haisemi nani kaileta, kwa hiyo napima na dimethilamini, ile pacha yake. Zikizaliwa pamoja, kila gramu 45 za dimethilamini huambatana na gramu 30 za formaldehidi, na hii ya pili hupungua kwa sababu hushikamana na protini. Mtu akimwaga formoli, formaldehidi huipita pacha yake mbali. Leo dimethilamini iko juu, formaldehidi iko chini kidogo ya mgao wake, na katika nyama iliyosagwa zote mbili zimepanda.

Saa 10:00 mteja ananipigia. "Basi niandikie: hakuna formoli." Siwezi, papa, ipo. Ninachoweza kuandika ni kwamba dalili ya kuongezwa haipo. Ananisomea kikomo cha Italia, miligramu 60 kwa kilo kwa jamaa ya kodi. Namwambia kikomo hicho kimewekwa kwa kujua kwamba samaki hao huitoa wenyewe. Miili yetu pia huitengeneza kila siku, ingawa hilo sitaliweka kwenye ripoti, litamfurahisha mno.

Kisha namuuliza chumba chake cha baridi kinasimama nyuzi ngapi usiku, umeme ukikatika. Ananyamaza, halafu anasema atamuuliza mlinzi. Naandika ripoti: vipande vizima sawa, nyama iliyosagwa imekaa kwenye baridi isiyotosha, nayo imekwisha kuwa kavu na ngumu kama sponji. Kesho aniletee daftari la joto la chumba.