Flashi ndani ya kila katoni

Mkubwa wetu pale Birere alitaka nifute jina la programu ya watu wengine. Tulikuwa tukiuzia shule za Goma ruta ndogo, vifaa vya kugawa intaneti, zenye OpenWrt ndani, mfumo wa bure wa kuziendesha, na juu yake programu aliyoitunga mwenyewe ya kuweka alama za wanafunzi. Jina la OpenWrt lilitokea kila ukiiwasha, nalo lilimkera.

"Mdogo wangu, mteja akiona hivi atasema namuuzia kitu cha bure."

"Mkubwa, kuuza ruksa. Kuficha ndiko hawataki."

Nikamfungulia leseni ya programu huru iitwayo GPL, toleo la 2, ile ya mwaka 1991, inayotumiwa na Linux na BusyBox, programu zilizo ndani ya OpenWrt. Alisoma kama mtu anayekagua mkataba wa kiwanja, akitafuta atakapoibiwa. Hofu yake ilikuwa kwamba hata programu yake ya alama italazimika kuwekwa wazi. Nikamwonyesha kifungu: programu inayojitegemea, iliyowekwa tu pamoja na nyingine kwenye chombo kimoja, haiburuzwi na leseni hiyo. Hapo akavuta kiti.

Kazi yenyewe ilikuwa bado. BusyBox tulikuwa tumeibadilisha, kwa hiyo kumwelekeza mteja kwenye tovuti ya OpenWrt kusingetosha. Anayeuza anadaiwa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama watunzi walivyoyaandika, kamili na wa kile hasa alichouza, pamoja na skripti za kuujenga. Njia mojawapo ni ahadi ya maandishi, inayodumu angalau miaka 3, kwamba yeyote atakayeuomba atapewa. Mkubwa aliipenda, maana leo haigharimu hata franka. Mimi sikuitaka. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji huu. Nani wa kuapa duka letu litakuwa palepale miaka 3 ijayo? Heri kumaliza deni siku ileile ya kuuza. Tukatia flashi yenye msimbo wote ndani ya kila katoni.

Lebo niliiandika mimi: "Kifaa hiki kina Linux na BusyBox, chini ya GPL toleo la 2. Msimbo wake uko kwenye flashi. Una haki ya kuunakili, kuubadilisha na kuugawa." Mchapaji alinitazama. Wateja wake wote huandikisha "marufuku kunakili".

Mkubwa aliisoma, akanyamaza, kisha akaongeza bei ya flashi kwenye risiti. Leseni haimkatazi.