Siku moja gerejini: Fairlady inayopiga mluzi

Saa 12:30 asubuhi. Natoka Makorora, hapa Tanga, kwa baiskeli, napitia vitumbua vinne Ngamiani, viwili vyangu, viwili vya Dogo, msaidizi wangu. Leo simkopeshi.

Saa 2:00. Nafika gerejini Chumbageni, mteja ameshaniwahi. Nissan Fairlady Z, gari la michezo la milango miwili, toleo la Z33 lililoanza kuuzwa Japani 2002. Kijana wa watu ameipaka nta mpaka unaweza kujinyolea ndevu humo.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Gari linaumwa nini?"

"Nikivuka themanini, kioo changu kinapiga mluzi. Na ile mvua ya juzi njia ya Segera imenilowesha paja lote la kulia. Nimeshaagiza mpira mpya wa mlango."

Mpira, mpira. Kila anayeingiliwa na maji analaumu mpira. Milango ya gari hili haina fremu juu: kioo kinapanda peke yake na kwenda kuegemea mpira ulioko kwenye bodi. Kikikaa vibaya milimita mbili tu, hata ukiweka mpira wa dhahabu, upepo utapita.

Saa 3:00. Kabla ya kugusa spana, nanyanyua mlango kwa nyuma kuona kama bawaba zimelegea. Hazijalegea. Nachana karatasi kutoka daftari la Dogo, naibana kati ya kioo na mpira, nafunga mlango, navuta. Kona ya mbele karatasi inakataa kutoka, nikilazimisha itachanika. Kona ya juu kwa nyuma inateleza kama ulimi. Jibu tumelipata bila senti moja.

Kinachotuchelewesha ni kazi ya fundi aliyetangulia. Kaupaka mpira silikoni ya madirisha ya nyumba, mabonge mabonge. Saa nzima na nusu tunaikwangua kwa kipande cha plastiki na kucha. Mwenzangu, ukiwa huna dawa ya ugonjwa, usimpake mgonjwa saruji.

Saa 5:00. Nachomoa terminali ya betri, navua kava la ndani la mlango. Ile nailoni ya kuzuia maji imechanwa na kuachwa ikining'inia. Chini ya mlango, vitobo vya kutolea maji vimezibwa na vumbi na majani ya mwarobaini, na maji yamesimama humo. Mwenye gari anaishi Raskazone, ng'ambo ya ukuta ni bahari, kwa hiyo boliti zimeota kutu kama meli ya zamani. Tunazipulizia dawa ya kulegeza, tunaziacha zinywe.

Adhuhuri. Swala, wali na samaki, kisha usingizi kidogo juu ya kiti cha Hiace. Kiti hicho hakina gari.

Saa 8:00. Hapa ndipo penye kazi. Boliti za chini zinazoshika reli za kioo ndizo zinazoamua kinaegemea wapi. Mdomo wa mlango ndio egemeo, kama bembea: ukisukuma reli nje kule chini, ncha ya kioo huku juu inaingia ndani. Nalegeza boliti ya nyuma nusu mzunguko, nasukuma kidogo sana, nakaza. Karatasi. Bado. Narudia. Karatasi inashikwa kidogo. Mara ya nne nimepitiliza, kioo kinaukandamiza mpira mpaka unakunjamana, narudi nyuma. Dogo anahesabu karatasi zake zilizokwisha.

Ikishika pande zote, nafundisha upya mota ya kioo. Ukivuta kitasa cha gari hili, kioo kinashuka kama sentimita moja, ukifunga kinapanda na kuingia chini ya mdomo wa mpira. Mota isipojua mwisho wake uko wapi, hayo yote ni bure. Kwenye mota kuna kidude cha kubonyeza: unakishika huku unashusha kioo hadi chini, unaachia, unapandisha hadi juu.

Nailoni mpya, vitobo vimezibuliwa, mpira umepakwa grisi ya silikoni. Grisi ya bearingi usiipake kamwe, inavimbisha mpira.

Saa 10:00. Dogo anaingia ndani na tochi na tishu, mimi nashika bomba la maji. Naanza chini, napanda taratibu, bila kulibana bomba kwa kidole. Dakika kumi.

"Dogo, vipi?"

"Joto tu, bosi."

Saa 11:00. Tunatoka barabara ya Pongwe, mwenyewe anaendesha. Themanini, kimya. Mia, kimya. Kijana anatabasamu, halafu tabasamu linakatika. Anainamisha kichwa kuelekea nyuma.

"Fundi, hii ngurrr ni ya nini?"

Bearingi ya gurudumu la nyuma kushoto. Ilikuwepo siku zote, mluzi ulikuwa unaifunika. Ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeitia leo mchana.