Huyu Antony ni noma

Aisee leo kipindi cha Kiingereza tumechambua ile hotuba ya Mark Antony kwenye Julius Caesar ya Shakespeare, jamaa anaanza kwa upole eti amekuja kumzika Caesar tu sio kumsifu, alafu kila saa anarudia Brutus (mmoja wa waliomuua Caesar) ni mtu wa heshima, Brutus ni mtu wa heshima, mpaka inageuka tusi na umati wote unawageukia wauaji 😂 Ticha akatuonyesha Brutus anaongea nathari, hoja kavu, Antony anakuja na ushairi, machozi na wosia wa marehemu. Zile njia tatu za kushawishi watu za Aristotle, etosi (msemaji kuaminika), pathosi (kugusa hisia) na logosi (hoja), ndo zimeniingia vizuri sasa. Na bado ana ujasiri wa kusema eti yeye sio msemaji kama Brutus, we Antony wewe!