Kabla ya Kiza cha Ngezi

Nikiwaambia watu kwamba nimewahi kupotea Pemba, jambo la kwanza wanalofanya ni kucheka. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 67 hivi, wanasema. Ukienda mashariki utakutana na bahari, ukienda magharibi utakutana na bahari, sasa wewe ulipotelea wapi? Hoja hiyo ina nguvu mchana. Usiku, ndani ya Msitu wa Ngezi, mtu hahitaji kilomita 67 ili apotee. Hatua mia mbili zinamtosha, na ndizo zilizonitosha mimi.

Tulikuwa wawili, mimi na mpwa wangu, kijana wa miaka 16 aliyekuja likizo kutoka Unguja na ambaye alitaka kuuona mnara wa taa wa Ras Kigomasha. Tulikwenda kwa miguu, na wakati wa kurudi tukakaa mno pwani ya Vumawimbi, kwa sababu mchanga ule haumpi mtu ruhusa ya kuondoka mapema. Jua lilipotua tulikuwa bado hatujaikuta barabara inayopita msituni kuelekea Konde. Sikujali. Siku chache nyuma nilikuwa nimeuona mwezi umejaa, nikajiambia kwamba mbalamwezi itatupokea. Hesabu hiyo ilikuwa ya kijinga, na sisi tunaofuata tarehe za mwezi mwandamo kwa ajili ya funga na maulidi hatuna udhuru wa kuikosea.

Usiku wa tarehe 14 au 15 mwezi huchomoza karibu na magharibi, lakini baada ya hapo huchelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Siku yetu ilikuwa tarehe 20 ya Mfunguo Nne, yaani Muharram, maana yake mwezi ungetoka baada ya saa 4 usiku, na kabla ya hapo kulikuwa na kiza kitupu. Huku kwetu karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, kwa hiyo mwanga wa jioni haudumu zaidi ya dakika 20 na kitu. Chini ya mivule hata hizo hazipatikani. Maji nayo yana hesabu hiyo hiyo, jambo ambalo mvuvi yeyote angenikumbusha kama ningemuuliza: katika bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu, bahari hujaa karibu saa 10 alasiri, na kila siku husogea mbele kiasi kile kile cha dakika 50, hata ikifika tarehe 20 maji yanajaa karibu saa 2 usiku. Tarehe moja tu ya kalenda ya ukutani ingeniambia habari za mwezi na za bahari kwa pamoja, na kalenda hiyo imetundikwa jikoni kwetu.

Tulipoingia kwenye njia panda penye mvule mkubwa tulifuata njia ya wakata kuni tukidhani ndiyo ya barabarani. Simu yangu, ambayo ndiyo iliyokuwa tochi yetu ya pekee, ilikuwa na chaji asilimia 14. Kisha tukasikia adhana ya Isha, nikafurahi, nikamwambia kijana tuifuate. Tuliifuata mpaka miguu ikaanza kuzama. Mbele yetu ilikuwa mikoko, na maji yalikuwa yanaingia kimyakimya kati ya mizizi, yakiwa yameshafika kwenye vifundo vya miguu kabla sijaelewa kwamba sauti ile ilitoka ng'ambo ya mkono wa bahari. Sauti husafiri vizuri sana juu ya maji. Adhana inakueleza kwamba watu wako karibu, lakini haikuelezi kwamba kuna njia ya kuwafikia.

"Mjomba, turudi kwenye ule mti," kijana alisema, na hilo lilikuwa neno la busara pekee lililosemwa na mmoja wetu jioni ile. Tulirudi kwa kupapasa, simu ikazimika njiani, tukakaa chini ya mvule tukapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Aliyetusikia alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akimfuatilia ng'ombe wake aliyekata kamba. Alitumulika, akatusalimia kwa utulivu kana kwamba tumekutana sokoni, akatupeleka barabarani kwa muda mfupi kuliko ninaotumia kusimulia haya. "Mngekaa hapa tangu magharibi, wanangu, msingelowa," alisema.

Tangu siku hiyo najiandaa kwa namna nyingine. Zamani nilijiandaa ili nisipotee. Siku hizi nachukulia kwamba nitapotea na kwamba nitalala huko, kisha napanga mfuko wangu kwa ajili ya usiku huo. Tochi ni ya kuvaa kichwani, kwa sababu mikono inahitajika kwa kushika matawi, na betri za akiba nazifunga katika mfuko wa nailoni pamoja na kiberiti. Firimbi ya plastiki naivaa shingoni badala ya kuitia mfukoni: milio mitatu, kimya, kisha mitatu tena, ndiyo ishara ya kuomba msaada inayojulikana duniani, na haikaushi koo. Maji nachukua lita mbili kwa kila mtu, tende kidogo, na kipande cha mkate wa kumimina ambacho kwa kawaida huliwa kabla hatujapotea. Kanga kuukuu ya mke wangu nayo imo. Watu hudhani hapa kwetu baridi haimpati mtu, lakini aliyelowa, ameketi, na upepo wa kusi unampiga, atatetemeka vizuri tu, na kanga kavu ya kujifunika ina thamani kuliko shati la tatu. Dawa ya mbu sina haja ya kuieleza.

Simu bado naibeba, lakini siiruhusu tena kuwa tochi. Ramani naipakua nikiwa nyumbani, kwa sababu simu hupokea mahali ilipo kutoka kwa satelaiti hata pasipo na mtandao. Kinachohitaji mtandao ni ile picha ya ramani. Mwendo wote huwa nimezima data, na namba 112 nimemkaririsha kijana. Na kama ramani itagoma chini ya majani mazito, liko jambo ambalo tunalo sote bila kulitambua: Pemba iko karibu kabisa kusini mwa Makka, kwa hiyo tunaposimama kuelekea kibla tunaelekea kaskazini. Ule mshale wa kibla katika programu ya sala ni sindano ya dira, na kila mihrabu ya kisiwa hiki imejengwa kwa kufuata mwelekeo huo.

Liko pia suala la masikio. Usiku ule komba alilia mara kadhaa juu yetu, na mlio wake unafanana mno na wa mtoto mchanga. Mpwa wangu, aliyelelewa kwa hadithi za popobawa kama sisi sote, alinishika mkono kwa nguvu. Angekuwa peke yake angekimbia, na kukimbia kwenye kiza penye mizizi na mashimo ni hatari kuliko mnyama yeyote aliyemo Ngezi. Kwa hiyo sasa, kabla ya safari, namweleza kila ninayekwenda naye sauti atakazosikia: komba, pelele, bundi, na popo wakubwa wakigombania matunda. Sauti uliyoambiwa mchana haikutishi sana usiku.

Na kabla ya kufunga mlango naandika karatasi, naiacha chini ya birika: tunakwenda wapi, tunarudi kwa njia gani, na kama saa 3 usiku hatujaonekana, tuanze kutafutwa kuanzia wapi. Nakala nampelekea dada yangu Unguja kwa ujumbe wa simu. Yeye hupiga saa 3 kasoro dakika 5. Zile dakika tano za mwisho hajawahi kuzisubiri hata mara moja.